Udongo wa Kununua

Liki ya kwanza ilitoka kwa shida, ya pili ikakatika shingoni, na kuanzia ya tatu mikono yangu ilijua la kufanya. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Machi, saa nne asubuhi, na kengele za kanisa zilikuwa zikilia. Baba alikuwa huko, na suti yake nyeusi, akimzika mtu aliyefanya naye zamu moja kiwandani kwa miaka mingi. Tangu Jumatano nilikuwa nimepiga hesabu: ibada, makaburini, kisha mkate na kahawa pamoja na wafiwa. Hangerudi kabla ya saa nane.

Nilichukua sepeto lake, ambalo hakuruhusu mtu mwingine aliguse, nikaanzia mwisho wa bustani na kurudi nyuma kuelekea nyumba, mstari kwa mstari. Kwanza liki, vile vitunguu virefu vya shina jeupe vinavyostahimili baridi. Kisha kabichi za majani ya kujikunja, kisha seleri. Kila kitu nilikiingiza kwenye mifuko myeusi ya plastiki na kuifunga midomo. Nilifanya kazi vizuri. Nikijitazama leo kwa mbali, ninachokiona ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa aliyevaa mabuti ya mama yake marehemu, anayeharibu kazi ya mtu mwingine kwa unadhifu mkubwa.

Barua ilikuwa imefika Januari. Halmashauri ilikuwa imepima damu ya watoto wote wa mitaa iliyo karibu na kiwanda cha zinki, na binti yangu Jorien, wa miaka mitatu, alikuwa na madini ya risasi mwilini kupita kiasi. Si sana, alisema daktari, na kwa umri wake yangeshuka haraka, mradi tu tukomeshe chanzo. Chanzo kilielezwa katika ukurasa wa pili: vumbi, mikono isiyooshwa, na mboga zilizolimwa katika udongo wa nyumbani, hasa penye majivu ya kiwanda.

Udongo huo ulikuwa wa Baba. Gommaar, ndilo jina lake, alikuwa amesimama mbele ya matanuru ya kiwanda kile miaka thelathini na mmoja. Zamani wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua majivu ya tanuru bure, na watu wa barabara yetu waliyashukuru, kwa sababu ardhi ya eneo letu la Kempen ni mchanga na matope, na majivu yale yakishindiliwa huwa magumu kama saruji. Baba alitengeneza nayo njia zote za bustani. Mvua ikinyesha ziling'aa, nyeusi na safi. Mimi nilijifunza kutembea juu yake. Ndoa yangu ilipovunjika nikarudi nyumbani na mtoto mgongoni, naye akajifunza palepale.

Nilimsomea barua mezani. Alisikiliza huku akimenya viazi.

“Nimekula bustani hii miaka arobaini na mitano,” alisema. “Unaniona nimekufa?”

“Si wewe, Baba. Ni Jorien.”

“Jorien huyuhuyu anayepanda ngazi kama paka? Anaumwa nini?”

Nilimweleza kwamba haonekani kuumwa, na kwamba ndiyo shida yenyewe. Akaniuliza kama waliosomea mambo hayo wamewahi kupanda hata figili. Tulibishana hivyo wiki mbili, kwa sauti ya chini, mpaka akasema haya, haya, mtoto hatakula. Niliamini. Halafu siku moja mwezi wa Februari niliwahi kutoka kazini, nikamkuta Jorien na bakuli la supu mbele yake. Kwenye ukingo wa bakuli kulikuwa na duara dogo la kijani.

“Ni kipande tu,” alisema Baba. “Cha kuleta ladha.”

“Uliahidi.”

“Supu bila liki ni maji ya kuoshea vyombo, Lutgart.”

Alitabasamu alipolisema hilo, na nadhani kama asingetabasamu nisingefanya nilichokifanya.

Aliporudi kutoka mazikoni nilikuwa jikoni nikisugua kucha. Nilimsikia akipita upande wa nyumba kama kawaida yake, kisha nikasikia hatua zikikoma.  Hatimaye alisimama mlangoni, kofia bado kichwani.

“Zote?”

“Zote.”

“Hata kichaka cha mama yako?”

Kilikuwa kichaka cha matunda madogo mekundu, ambacho mama alikipanda mwaka wa harusi yao na kupika jemu ya matunda yake kila Julai. Kilikuwa kimenichukua nusu saa peke yake. Mizizi yake ilikuwa imeshikamana na majivu ya njia, ikabidi niikate kwa shoka.

“Hata hicho,” nilisema.

Nilitegemea afoke. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na barua na namba za vipimo na maneno ya daktari. Baba alivuta kiti, akakaa na koti lake, akaweka mikono yake miwili juu ya meza kana kwamba ni vitu alivyotumwa kuvileta.

“Kama barua ile ni ya kweli,” alisema, “basi mama yako je?”

Mama alikufa kwa ugonjwa wa figo, miaka kumi na mmoja kabla ya hapo. Alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, akakonda mwaka mmoja, akaisha. Alikula kila kilichoota katika bustani ile, tena kwa fahari, maana kilitoka mkononi mwa mumewe. Katika wiki zote zile za kubishana nilidhani Baba anatetea kabichi.  Baadaye nilimuuliza daktari kuhusu Mama, naye akasema hakuna anayeweza kujua. Nililibeba jibu hilo hadi nyumbani na sikumpa Baba, kwa sababu halikuwa la kumsaidia mtu.

Aprili nilijenga kitalu cha juu. Nilinunua mbao nene za msonobari, nikapigilia sanduku la mita mbili kwa moja, lenye kimo cha nyonga, nikatandika chini kitambaa kizito ili mizizi isifike ardhini, nikamwaga ndani mifuko na mifuko ya udongo wa dukani. Pembe moja ilikaa upogo. Baba alitazama kupitia dirishani. Alikuwa haongei nami tena. Alipohitaji kitu alimtuma mtoto.

“Mwambie mama yako chumvi imekwisha.”

“Mama, Babu anasema chumvi imekwisha.”

“Mwambie Babu nimesikia.”

“Na mwambie,” akaongeza siku moja, “lile hori la ng'ombe alilolijenga limepinda.”

Jorien aliufurahia mchezo huo. Alidhani ndivyo watu wazima wanavyozungumza.

Mei nilipanda saladi na karoti, zikaota. Juni nilileta miche ya liki, myembamba kama kamba za viatu, nikawa naifukia mmojammoja na kuigandamizia udongo shingoni. Niliona kivuli kikiingia juu ya mbao.

“Unazipanda au unazizika?” alisema Baba.

 Alitoa mpini uliovunjika wa reki aliouficha nyuma ya mgongo. Nadhani alikuwa ameuchonga ncha mapema siku hiyo. Akaudidimiza katika udongo hadi kina cha shubiri moja, akauchomoa, akadondosha mche ndani ya tundu, akamimina maji kidogo. Basi. Nilinyoosha mkono nizibe tundu, akanipiga kidoleni.

“Liache. Litajijaza lenyewe.”

Tulifanya safu tatu, yeye akitoboa, mimi nikidondosha. Hakuhitaji kuinama. Nilimwona akiligundua hilo taratibu: mara aliegemea, mara akaweka viwiko juu ya ubao kama mtu aliye kaunta ya baa. Mwishowe alichota udongo kiganjani, akaunusa.

“Hauna harufu,” alisema.

“Ni wa kununua. Utaipata.”

“Miaka mingapi?”

“Sijui, Baba.”

Aliumwaga ndani tena, akapangusa mkono kwa leso badala ya suruali. Jioni ile aliniomba chumvi yeye mwenyewe. Kuhusu kile kichaka hatukusema neno, siku hiyo wala baadaye. Mimi sikumwomba radhi, yeye hakuidai.

Oktoba damu ya Jorien ilipimwa tena. Kiwango kilikuwa kimeshuka karibu nusu. Nilimwambia Baba, akaitikia kwa kichwa, akaendelea na viazi vyake. Wiki iliyofuata aliagiza mbao. Nilidhani anataka kunyoosha pembe yangu, lakini alizipakia kwenye mkokoteni na kuondoka nazo. Kwa misimu mitano alijenga vitalu katika nyumba za barabara yetu, nyumba baada ya nyumba, hasa kwa wazee wenzake wa kiwandani. Nilifikiri anatafuta cha kushughulisha mikono. Nilifurahi kwamba anatoka nje.

Alikufa mwezi wa Februari, moyo ukimsimama akiwa kitini. Alikuwa na miaka themanini. Baada ya mazishi tulikaa kwenye ukumbi wa parokia, mikate na jibini, thermosi za kahawa, watu wakizungumza kwa sauti iliyokuwa ikipanda polepole kama ilivyo kawaida. Mzee Sooi, wa nyumba ya pili kutoka kwetu, alivuta kiti chake karibu na changu. Alikuwa wa tanuru lilelile. Mkewe, Irma, alikuwa ametangulia zamani.

“Unajua alikuja kwangu kofia mkononi?” alisema. “Siku ile alipoleta mbao. Miaka hamsini tunafahamiana, Gommaar hajawahi kuvua kofia mbele yangu. Nikajua kuna jambo.”

“Alisema nini?”

“Alisema, ‘Sooi, majivu ya uani kwako niliyaleta mimi. Wewe mgongo ulikuwa unauma mwaka ule, nikakuletea. Na Irma alilima juu yake.’ Nikamwambia, bwana wee, sote tulibeba. Tuliambiwa ni mazuri, tukabeba.”

Sooi alikunja kipande chake cha mkate, akakikunjua.

“Akasema, ‘Najua. Shika ubao upande ule.’”

“Hivyo tu?”

“Hivyo tu. Halafu alikwenda kwa akina Verdonck, akasema hivyohivyo. Kila nyumba aliyowahi kupeleka majivu. Hukujua?”

Nilisema sikujua. Upande wa pili wa ukumbi Jorien, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa, alikuwa akipanga vikombe vitupu kwenye sinia. Nilimuuliza Sooi kama anaongeza kahawa. Alifikiri kidogo, akasogeza kikombe chake, akasema nusu inatosha.