Ungo Chini ya Meza

Bibi Bernadina hakujua Kihispania, ila msimu ule wa mbaazi alikisikia mpaka akakizoea. Mjukuu wake Brightness alikuwa akifundishwa na Sista Veronica, mtawa mstaafu wa Sigino aliyeishi Hispania miaka mingi, na mazoezi aliyafanyia uani kwao Maisaka huku akipeta. Kazi haikuwa na subira: mbaazi zilishapigwa, zimelala kwenye turubai, na upepo ukishakata umekata. Basi Brightness akawa anarusha ungo na kutamka. Akirusha, *cocinaba*, alikuwa akipika. Akidaka, *sembraba*, alikuwa akipanda. Makapi yalielekea banda la kuku.

Kilichomsumbua ni wakati uliopita wa namna hiyo, ule wa mambo yaliyokuwa yakifanyika siku zote. Kuna siku Sista alimtumia ujumbe wa sauti akimwuliza kama kweli marehemu babu yake alikuwa akianguka na baiskeli kila siku, maana ndivyo alivyosimulia. Bibi alipoelezwa alicheka mpaka akatafuta kigoda. Mzee alianguka mara moja tu, tena baiskeli yenyewe ya kuazima.

Tangu hapo Bibi akawa anampa mjukuu habari za kufanyia mazoezi, za utoto wake kule milimani Mbulu: ndama walivyokuwa wakilala ndani pamoja na watu, moshi ulivyokuwa ukitoka taratibu kwenye nyasi za paa, mama yake alivyokuwa akitikisa kibuyu cha maziwa huku akiwagombeza. Hakuruka kitu, hata rangi ya kibuyu aliitaja.

Kambi moja ya watalii upande wa Tarangire ilitaka mtu mmoja wa kupokea wageni wa Kihispania. Brightness akikosa, angerudi kwenye duka la vifaa vya simu pale stendi, ambako tajiri wake hakuwahi kumwita jina, alimwita “wewe”.

Siku ya usaili aliegemeza simu kwenye chupa ya chai. Bibi alikaa pembeni asionekane, lakini kitenge kizuri alikivaa vilevile. Mama wa Kihispania wa kambi ile, Remedios, akasalimia na kuuliza mawili matatu, yakajibiwa. Kisha akataka asimuliwe watu walivyokuwa wakiishi zamani.

Brightness akafungua kinywa, kikabaki wazi. Mikono ilikuwa imelala mapajani kama ya kuazima. Bibi aliviona vidole vikianza kuchezacheza, akaelewa: mtoto huyu hajawahi kuyasema maneno haya mikono ikiwa mitupu. Akanyanyuka polepole, akachota mbaazi, akampitishia ungo chini ya meza.

Brightness akautikisa magotini, maneno yakaja. Ndama wakalala ndani, moshi ukapanda, kibuyu kikatikiswa. Mara sauti ya yule mama ikabadilika. Bibi hakuelewa neno, ila sauti aliijua, ni ile ya mwenye duka aliyemwona mtu akificha sukari.

Brightness akageuka. “Bibi, anasema ninasoma karatasi. Anaona macho yangu yanakwenda chini, na anaisikia ikichakarika.”

“Si umwonyeshe.”

“Ungo, Bibi? Kwenye usaili?”

“Unaona aibu ya ungo. Ya kuitwa mwizi utaiweza?”

Brightness akauinua mpaka mbele ya simu. Yule mama akasogea karibu, akauliza. Akauliza tena. Haya hayakuwa kwenye masomo ya Sista, na Brightness alijibu akikwama, akirudia, akisimama kuonyesha ungo unavyorushwa. Bibi alisikia *abuela*, yaani bibi, mara nyingi, na kwa kuwa neno hilo lilishakuwa jina lake pale uani, alijitengeneza kitenge tu.

Simu ilipokatwa, Brightness alisema amechukuliwa kwa majaribio, anaanza mwezi ujao. Makosa anayo, bado anachanganya mambo ya siku zote na ya mara moja, lakini anaweza kumweleza mgeni kitu kilicho mbele yake.

“Ila kasema wageni hutazamana na mtu machoni. Kanipa mwezi mmoja. Nikiendelea kuangalia chini, hanibakizi.”

“Mlizungumza nini juu yangu?”

“Kwamba ulikuwa ukipeta tangu mdogo. Na kwamba ulikuwa mkali.”

“Nilikuwa? Mke mwenzangu, unanisema mpaka Ulaya.”

Bibi akauchukua ungo, akamwelekeza kigoda. Brightness akanyoosha mkono kuupokea, Bibi akauzungushia upande mwingine.

“Mikono magotini. Nitazame mimi, uanze na wale ndama.”

Brightness akaanza, akakwama kwenye neno la pili, macho yakamshuka. Bibi akasubiri. Alirusha, akadaka, akapuliza makapi yaliyobaki pembeni, akasubiri tena, mpaka msichana alipoinua uso.