Mluzi Bado Anashuka

Siku za kuruka, makuruta walikunja miavuli asubuhi kwenye meza ndefu za bohari, na hakuna aliyekunja wake. Ndivyo kambi ile ilivyozoea: wewe unakunja wa mwenzako, mwenzako anakunja wako, mkimaliza mnatazamana machoni na kupeana mikono. Walioanzisha jambo hilo walisema mtu anaweza kujifanyia uzembe mwenyewe, lakini hawezi kumfanyia uzembe anayelala kitanda cha juu yake. Tofali alikunja wa Mluzi. Aliitwa Tofali kwa umbo lake, na pia kwa sababu siku ya kwanza ya mazoezi ya kutua, walipotakiwa kuruka kutoka jukwaani na kubiringika, yeye alitua akabaki palepale alipotua. Mluzi alipiga mluzi hata kwenye gwaride. Alikwishaadhibiwa kwa hilo mpaka sajini ndiye aliyechoka.

Siku ya mkasa huu Tofali alikunja vizuri. Alinyoosha kitambaa, akapanga kamba, akatoa hewa kwa viganja, akafunga. Kitambaa chenyewe kilikuwa kikuukuu, kimenyeshewa miaka nenda miaka rudi na paa bovu la bohari, na mahali pengine kilinatanata. Alimwambia mtunza bohari.

"Kunja, bwana," mtunza bohari akamjibu. "Umeambiwa wewe fundi cherehani?"

Akakunja. Mwavuli wa akiba, ule unaofungwa tumboni, haukuwa kazi yao. Ulikuja umekwishafungwa na kupigwa lakiri, na ilikuwa marufuku kuufungua kabla ya kuuhitaji.

Mluzi alitangulia kutoka mlangoni mwa ndege, Tofali akafuata. Wa Tofali ulifunguka, ukamvuta mabega kama kawaida. Wa Mluzi ulitoka mfukoni ukabaki umeshikamana, umejisokota kama nguo inayokamuliwa. Mluzi akavuta kishikio cha akiba. Likatoka blanketi.

Lilikuwa blanketi la kijivu la bweni, lenye mhuri wa kambi kwenye pindo, na likaning'inia tumboni mwake. Mluzi akalitazama, akalitukana kidogo, kisha akapunguza mwendo. Alikuwa anashuka bado, ila taratibu mno, kama vumbi la chumbani linavyoonekana likishuka kwenye mwanga wa dirisha. Tofali akamfikia, akaanza kumpita.

"Umenikunjia nini, ndugu yangu?" Mluzi akauliza.

"Nimekunja vizuri, haki ya Mungu."

"Najua. Tangulia basi, nakuja."

Mpaka jua linazama alikuwa hajafika. Sajini alisubiri uwanjani shingo ikimuuma, halafu akaenda kula.

Mkuu wa kambi alipopelekewa habari alitoka nje, akakinga macho kwa mkono, akamwona. Akasema ajali ni pale mtu anapofika chini. Huyu hajafika, kwa hiyo hakuna cha kuandika, akifika wataandika. Wote walijua kitakachoandikwa, maana kilikuwa kile kile miaka yote: kosa la mkunjaji. Mkunjaji hufungwa. Mkuu hakumficha Tofali.

"Wewe usiende mbali," alimwambia. "Mwenzako akigusa ardhi tu, na wewe una safari yako."

Kuhusu blanketi, mkuu aliagiza Mluzi ashtakiwe kwa kutoa mali ya bweni nje ya bweni. Hakuna aliyeuliza kitambaa cha akiba kimekwenda wapi. Makuruta ndio waliotumwa kutundika mapazia nyumbani kwa mkuu, mapazia meupe, mepesi, ambayo upepo ukivuma kidogo tu yalivuta fimbo zake yakitaka kuondoka na ukuta. Ndio pia waliosimamisha hema la arusi ya binti yake, na siku ile walihitajika watu wazito kulikalia pembeni lisipae. Tofali alikaa pembe ya mbele, akaletewa soda.

Basi Tofali akawa kila akiamka anatoka nje kutazama juu. Mluzi alikuwa ameshuka kidogo, siku nyingine kidogo zaidi. Tofali alitaka afike, na hakutaka afike. Aliogopa sana, na aliona haya kwamba alijiogopea yeye kwanza, ndipo akakumbuka kumwogopea Mluzi. Lakini mazoezi yaliendelea, na kila waliporuka walimpitia huko angani. Tofali alitia mkate kifuani, akampa akipita.

"Wa leo mkavu," Mluzi alilalamika.

"Si ungeshuka ukachague mwenyewe!"

Mluzi akacheka. Hakuwa na maumivu yoyote, alisema, ila mvua ilikuwa inamsumbua, na miguu ilikuwa imechoka kutokanyaga.

Mama yake alikuja na kibegi na kigoda. Mlinzi wa getini alimwuliza anakwenda wapi, naye akaonyesha juu kwa kidole, akaruhusiwa. Akaweka kigoda katikati ya uwanja, chini ya mwanawe, akakaa.

"Wewe mtoto, umekula?"

"Nimekula, mama. Tofali ananiletea."

"Hilo blanketi jifunike, usilichezee. Kuna upepo huko."

"Ndiyo, mama."

Tofali aliona si adabu kukaa mbali. Akaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekunja?"

"Ni mimi."

Mama alimtazama mikono, kisha uso. Angeweza kumwambia lolote, na Tofali alikuwa tayari kulipokea.

"Mbona umesimama juani? Kaa hapa, tumsubiri."

Wakamsubiri. Mluzi alipofika usawa wa mnazi walianza kumrushia chakula, alipofika usawa wa paa wakampelekea kwa ngazi. Sajini aliomba ushauri kama mtu aliye usawa wa paa anapaswa kupiga saluti, akaambiwa anapaswa. Mluzi akawa anapiga.

Alifika mchana mmoja, kambi nzima imejipanga. Polisi wa jeshi wawili walisimama nyuma ya Tofali, mmoja ameshika pingu. Miguu ya Mluzi ikagusa majani kama ya mtu anayeshuka kitandani. Akasimama. Akayumba kidogo, akasimama tena. Mama akamshika masikio yote mawili, akamgeuza huku na huku.

"Umekonda, baba," akasema, ndipo akalia.

Tofali akakaa chini palepale. Mwenye pingu akazirudisha mfukoni, kwa kuwa mtu aliyefika chini mzima hana mkunjaji wa kufungwa.

Mkuu wa kambi alifurahi kuliko wote. Alipanda jukwaani akasema majaribio yamefanikiwa, blanketi limemshusha askari salama salimini, tena polepole, bila hata kuteguka. Kuanzia siku hiyo akiba zote zitakuwa mablanketi, na vitambaa vilivyobaki vitakusanywa kwake.

Mluzi akanyoosha mkono. "Afande, si blanketi lililonishusha."

"Ni nini basi?"

Mluzi alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Sijui, afande."

"Mimi najua," mkuu akasema, na watu wakapiga makofi.

Mluzi alibandikwa beji yake ya mabawa kifuani, akapewa likizo, akaondoka na mama yake na kigoda. Hakurudi. Tofali alipandishwa cheo akawa koplo, akawekwa mlangoni mwa ndege kukagua mikanda na kugusa mabega ya wanaoruka. Miavuli mikubwa ilizidi kuchakaa. Alikwenda kwa mkuu mara moja kusema hivyo. Alimkuta sebuleni, mapazia mapya yamefunika madirisha na milango, na ilibidi ayasukume kwa mikono miwili ili aonekane. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Makuruta nao aliwaambia wazi kwamba blanketi ni blanketi tu. Walijibu ndiyo, afande, wamesikia habari za blanketi hilo, na huko bohari wakagombania yale ya kijivu.

Siku kundi jipya linaruka kwa mara ya kwanza, mbele ya mstari alikuwa binti mwembamba aliyekuwa ameshika mkanda kwa nguvu mpaka vidole vimekwajuka. Mlango ulikuwa wazi, upepo unapiga kelele. Akamsogelea Tofali sikioni.

"Samahani, afande. Hapa tumboni nina nini?"

Tofali alitazama chini, akaiona ardhi ilivyo mbali, akamtazama yeye. Hakutaka kumdanganya.

"Una blanketi."

Binti akafumba macho, akashusha pumzi.

"Afadhali," akasema. "Niliogopa wamenipa mwavuli."

Taa ya kijani ikawaka. Tofali akamgusa bega.