Moto Uliogoma Kuwaka

Naapa kwa pensheni yangu, kitu pekee nisichokifanyia mzaha: haya yote ni kweli tupu, hata pale yatakapokushinda kumeza.

Nilikuwa mhandisi wa kuzima moto. Shule sikumaliza, kazi niliisomea kwa kuunguza nyusi. Miaka minane nilihangaika na povu moja, hadi asubuhi ile mkaguzi wa viwango alipokuja kulijaribu. Likifaulu, lapata cheti. Likifeli, maabara inafungwa, mimi na shemeji yangu, fundi wa mitambo, tukakae nyumbani tutazamane.

Jaribio lenyewe si gumu. Karai la chuma, pana kama kitanda, linamiminiwa petroli, linawashwa, kisha povu linauzima moto kabla dakika mbili hazijaisha.

Shemeji akamimina, akasogeza mwenge. Kimya. Akausogeza tena. Petroli ikatutazama tu. Nikanusa pipa: petroli kabisa. Tukabadilisha mwenge, tukafungua pipa jipya, tukahamia upande wa pili wa upepo. Wapi! Nikajifinya nione kama nimelala. Maisha yangu yote nauomba moto uzimike, leo naubembeleza uwake, hautaki.

Mkaguzi, mama wa maneno machache, akauliza kulikoni. Kichwa kilikuwa kinanizunguka, ila ulimi ulikuwa mzima. Nikamweleza kwamba povu letu limezidi ukali, linazima moto ungali mimba. Nikaongeza kuwa wiki nzima jiko la kantini linazimika nikipita na koti langu la kazi. Shemeji akakagua viatu vyake.

Mama akachovya kidole karaini, akakisugua. Kikateleza.

“Mhandisi, karai hili limeoshwa lini?”

Jana yake tulifanya majaribio mengi, kwa makarai yote kumi na mawili. Nilisema kuosha niachiwe mimi, nikaenda kulala. Mabaki ya povu yalikuwa yametanda juu ya petroli kama utando usioonekana, yakaufunika mvuke wake. Moto ungeshika nini?

“Basi si uongo wote, mama,” nikasema. “Povu linafanya kazi hata likilala.”

“Cheti natoa kwa moto niliouona. Vua koti, uoshe. Na shemeji yako asikusaidie.”

Nikasugua, nikasuuza, shemeji akamimina upya. Moto ukaruka juu. Povu likauzima kwa sekunde hamsini. Cheti akakiandika palepale. Nikanyoosha mkono kukipokea, mama akatazama makarai kumi na moja yaliyobaki ukutani, akaniwekea brashi kiganjani.