Kibao cha Waziri wa Elimu

Kitu cha kwanza alichokiona Noella Doiron siku ya kuapishwa kilikuwa kibao cha jina mlangoni. Vya mawaziri wengine vilikazwa kwa skrubu. Chake, cha Waziri wa Elimu, kilibandikwa kwa utepe wa gundi.

"Ya nini kutoboa mlango kila mara, Mheshimiwa?" alisema katibu wake, Bi Hazel. "Mbao zenyewe nzuri."

Jimbo, ingawa lina serikali na bunge lake, lilikuwa dogo. Ukiondoa wagonjwa na walionuna, kila mbunge wa chama tawala alikuwa waziri wa kitu fulani, na Elimu ilimwangukia yule aliyeshindwa kuikataa. Noella hakuwahi kukataa kitu maishani. Alikuwa na haya, akizungumza hutazama viatu vyake, na Waziri Mkuu Lorne Haggerty alimpenda kwa hilo. Waziri wa Elimu aliyetangulia alikuwa na maoni.

Wiki hiyohiyo baraza likakaa kujadili shule tano za kufungwa. Katika baraza lile hakuna kunyoosha mikono, huo ni ushamba wa bungeni. Waziri Mkuu huzungusha macho mezani, kila mtu akatoa lake, mwisho huuliza, "Kuna asiyeridhika?" Kukiwa kimya, wote wamekubali, na ukitoka nje unautetea uamuzi kana kwamba uliuzaa wewe. Usipoweza, unajiuzulu. Na ya ndani hayasemwi nje, hata kwa mkeo.

"Mimi naunga mkono kwa moyo wote," alisema Wendell wa Uvuvi. "Ila ile ya kwangu Murchie's Creek mtaiacha. Kule baridi kali."

"Kwani kwangu kuna jua?" alidakia Bi Thibeau wa Barabara. "Ya kwangu nayo itoeni. Paa nimelizindua juzi tu, na mkasi bado ninao."

Wa Viazi na Kilimo akakumbuka kwamba mama yake alisoma katika ile ya tatu. Waziri Mkuu mwenyewe akakohoa kidogo, na ya nne ikajiondoa bila kutajwa. Ikabaki moja: Anse-Grise, kwao Noella, iliyomfundisha kusoma.

Wote wakamgeukia kwa huruma kubwa, wakiendelea kutafuna biskuti.

"Basi ujasiri ni huu," alisema Haggerty. "Tumechukua hatua ngumu. Kuna asiyeridhika?"

Noella alivitazama viatu vyake. Vilikuwa vipya.

"Safi. Kwa kauli moja."

Jumamosi alipelekwa Anse-Grise kuitetea hatua ngumu. Ukumbi wa kanisa ulinuka supu ya samaki na makoti mabichi kwa theluji. Nyuma kabisa aliketi kijana wa ofisi ya Waziri Mkuu, simu mkononi, akirekodi. Noella aliisoma hotuba aliyoandikiwa: ufanisi, mustakabali, basi jipya la njano litakalowapitia watoto kabla jua halijachomoza.

Alitegemea matusi. Badala yake akasimama Shangazi Odile, mpishi wa ile shule tangu Noella akiwa na mapengo.

"Jamani, mwacheni mtoto. Hamjui mambo ya baraza? Haruhusiwi kusema yaliyotokea mle. Lakini mimi namjua. Alipigana hadi mwisho, wakamzidi kwa wingi."

"Kabisa," mzee mmoja akaitikia. "Doiron hawezi kuuza kwao. Wale wa mjini ndio walafi."

Wakampigia makofi. Akaletewa bakuli la supu, lenye minofu mingi kuliko la mtu yeyote. Kule nyuma kijana wa simu alitabasamu: kumbe siri ya baraza ni mali, inamfanya hata aliyenyamaza aonekane shujaa. Alichotakiwa Noella ni kula tu, na hilo angeweza, kwa kuwa kunyamaza huku unakula ni adabu.

Aliliweka bakuli chini.

"Shangazi, sikupigana," alisema. "Hakuna aliyenizidi. Niliulizwa swali moja, nami sikujibu."

Kijana akashusha simu, kisha akaiinua tena haraka. Noella aliacha kutazama viatu, akaitazama ile simu, kama vile Haggerty amekaa ndani yake na biskuti yake.

"Uliuliza kama kuna asiyeridhika," alisema. "Yupo. Ni mimi."