Kilichopandisha Peptidi

Mungu wangu, yule kijana alivyoingia! Hodi moja, huyo ndani na viatu vyake vya tope, akakalia kigoda cha marehemu.

"Shikamoo, mama. Mimi Vitalis, natoka maabara."

"Marahaba. Hujaambiwa hapa kuna nini?"

"Wameniambia Marieta halali usingizi."

Kweli, silali. Tangu nimzike mume wangu Akonaay niko metimani: nyumba ya mfiwa haiingiwi, wala mimi siendi kwa mtu, hata moto siombi. Padre alishatukataza mambo hayo, lakini waambie basi majirani zangu wa Nambis! Chumvi na unga wananiwekea kule mpakani mwa shamba, halafu mbio, utadhani nina ndui. Nimebaki kuzungumza na ng'ombe.

Vitalis ni mtu wa Songea, mila zetu hazijui. Nilipaswa kumfukuza. Badala yake, Mungu anisamehe, nikamwekea chai.

Akaeleza kuwa mwili hujitengenezea kitu kidogo kinaitwa peptidi, kinavuta usingizi. Wanataka kujua kama kwa sisi tusiolala kimepungua kwenye damu. "Haya, toa," nikasema. Akatoa, na kila wiki akawa anarudi. Anapenda kusema, huyo! Mara mama yake, mara baridi ya Mbulu, mara ananitania eti sindano inaniogopa. Akishaondoka nalala fofofo, kama mtoto aliyeshiba.

Juzi akaja anacheka, meno yote nje. "Hongera, mama! Peptidi imepanda. Unalala vizuri, eeh?"

"Nani kakwambia? Silali kabisa!"

"Mama, damu imeshasema."

Akanieleza kwa upole: utafiti ni wa wasiolala, mimi nimepona, basi nimetolewa. Sasa anahamia Gitting, huko Hanang kuna bibi mwingine hapati usingizi.

"Mwanangu, na mnajua kilichoipandisha?"

"Bado, mama. Ndicho tunachotafuta."

Nilitaka kumwambia. Nikamfungia viazi tu. Akashukuru, akaenda zake, akaupita mpaka bila hata kujua kama ni mpaka.

Kigoda sijakigusa, kiko pale pale karibu na moto. Na leo kumekucha sijafumba jicho. Aje basi, aje achukue damu.