Spiriti ya Kuvu

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Mzee Makau ana upara. Huyo ndiye mwenyekiti wa ushirika wetu wa wakulima wa maembe hapa Mitaboni, na pia ni mzee wa kanisa. Ukimpa kitabu atafukuzia nzi.

Tangi la ushirika nalisimamia mimi. Ndani yake tunafuga kuvu kwenye maji ya maembe yaliyokataliwa na madalali, nayo inayageuza kuwa asidi ya kukoleza uchachu wa juisi na peremende. Mnunuzi, Bwana Waweru, alisema wazi: asidi ikifika kiwango chake, atachukua maembe yetu kila msimu. Isipofika, yaoze. Mama yangu, Kamanthe, ana miembe na hana kingine.

Kwa maji ya maembe peke yake kuvu haikufika. Nikaanza kuilisha spiriti, yaani pombe kali. Kuvu iliyokomaa hula spiriti ikaigeuza asidi, mradi uipe matone machache kila baada ya muda; ukiimwagia yote kwa pamoja, umeiua. Nilimweleza Mzee Makau haya, nikarudia, naye akaitikia kwa kichwa.

Kisha akanichungulia dirishani. Akaniona nimeinamia tangi, nadondosha spiriti huku midomo ikicheza, maana nilikuwa nahesabu matone. Mtu mzima, mwenye wajukuu, akaamua ninatambikia aimu, mizimu ya mababu! Wala hakuniuliza. Juma hilohilo homa ikanilaza, nikamwachia kazi ya kulisha kuvu, kwa kuwa ufunguo wa pili ni wake.

Waweru akaja, akapima, akakunja uso.

"Hii ni hafifu. Nitarudi mara moja tu, kabla msimu uishe."

Wanachama walipokutana kuulizana kulikoni, Makau alisimama kifua mbele.

"Hiyo pombe nilimwaga yote kwa choo, halafu nikaombea tangi. Huyu msichana alikuwa anapatia aimu, kidogo kidogo, vile wazee wa kitambo walikuwa wanafanya. Mimi niliona na macho yangu."

Badala ya kumzomea, watu wazima wakapiga makofi. Mama peke yake ndiye aliyeinuka.

"Mwelu wakwa, mtoto wangu, hawezi. Mimi ndio nilimzaa. Ako na mdomo mbaya, lakini hiyo hana."

"Basi atubu," Makau akasema, "ama alete ufunguo."

Nilieleza habari za kuvu tena. Heri ningeyaeleza mawe. Bila ufunguo sina tangi, na bila tangi maembe ya mama yataozea chini ya miti. Nikapiga magoti, nikawadharau wote kwa mpigo, nikawapa walichotaka: ndiyo, nilikuwa natambikia, nisameheni. Kuungama upuuzi si kazi ukiwa huwaheshimu wanaokusikiliza. Mzee Makau alifuta machozi ya furaha, akaniambia nikae na ufunguo wangu.

Niligeuka nimkonyeze mama. Alikuwa amejifunika uso kwa leso. Nilipomshika bega, akajitoa taratibu.

"Na mimi nilikutetea mbele ya watu," akasema.

Nikamwinamia sikioni. "Mama, nimedanganya tu."

Aliniangalia jinsi anavyomwangalia dalali.

"Umedanganya saa gani, Mwelu? Ukiwa umepiga magoti, ama sasa?"

Akaokota kikapu chake, akatoka, akaniacha na ufunguo mkononi.