Kalori za Kwenye Kigoda

Saa ile ilikuwa na adabu kuliko watu wengi wa Johannesburg. Kila jioni ilimpongeza Capitoline. Ilitikisika mkononi, ikawasha nyota za rangi, ikamwambia amevuka lengo la siku. Usimcheke. Mtu anayesuka nywele za wenzake kutwa nzima kwenye saluni ya Yeoville, na hata mmoja hamwambii pole, akipongezwa na chochote, hata kipande cha plastiki, moyo unafurahi.

Aliipata kwa mteja wake, mama wa Kikenya anayefanya kazi benki huko Sandton. Mume wa yule mama alikuwa amenunua mpya, hii ikabaki imelala kwenye droo. Mama aliiunganisha na simu ya Capitoline palepale kitini, huku anasukwa, kwa akaunti ileile ya mumewe. "Sasa iko sawa," alisema. "Itakuonyesha kalori zote unazochoma." Capitoline alishukuru mpaka ikawa aibu, kwa sababu wakati huo alikuwa anahangaika na kilo nane.

Kilo zenyewe hazikuwa za urembo. Mdogo wake, Régis, figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kisha akarudi Observatory, walikopanga vyumba viwili, midomo imemkauka na miguu haina nguvu. Figo ya Capitoline ilipimwa ikaonekana inamfaa. Lakini kwa kilo tisini na nane madaktari walikataa kumpasua, ni hatari kwake mwenyewe. Afike tisini ndani ya miezi mitatu. Asipofika, jopo la madaktari litafunga faili lake, na Régis atarudi kwenye foleni ya wanaosubiri figo za marehemu. Wengi kwenye foleni hiyo huwa hawafiki mbele.

Régis alijipa kazi ya upishi. Yeye mwenyewe alikatazwa maharage, ndizi na nyanya, na maji alipimiwa kwa kikombe, lakini Bujumbura, kabla hawajakimbilia huku, alikuwa mpishi wa hoteli. Dada yake akiingia tu, anaushika mkono wenye saa na kusoma.

"Elfu tatu na mia nne! Eish, dada, leo umefanya kazi ya punda."

"Vichwa vitatu. Kimoja cha nyuzi ndogondogo, nimekaa nacho saa sita."

"Basi ukila elfu mbili na mia tisa, bado umepunguza mia tano. Kaa nikupakulie."

Karatasi ya hospitali ilisema elfu moja na mia tano kwa siku. Waliisoma pamoja, wakaamua imeandikiwa watu wanaokaa ofisini bila kufanya kitu. Capitoline hakai ofisini. Anakaa kwenye kigoda, ndiyo, lakini mikono yake haitulii toka asubuhi, na saa inaona. Basi akala. Akala ndizi za nazi, akala isombe, yale majani ya muhogo, yenye mawese, na mdogo wake ameketi mbele yake akimtazama kama anakula kwa niaba yake. Zilikuwa jioni za furaha, lazima tuseme kweli.

Siku ya mizani ilipofika, mizani ilisema mia moja na tatu.

Mtaalamu wa lishe, Murielle, Mkongomani wa Bukavu, alimpandisha tena, akarekebisha mizani, akampandisha mara ya tatu. "Mama Capitoline, ulikuwa unakula nini?"

Capitoline akanyoosha mkono kama anayeleta shahidi. Murielle akaomba simu, akafungua akaunti, akasoma, uso ukabadilika.

"Huyu ni nani? Mwanaume, miaka makumi tatu na moja, urefu mita moja na tisini na mbili, kilo mia moja na kumi na nane."

"Ni mume wa mteja wangu."

"Ndiye saa inahesabia. Mwili wake, hata akilala tu siku nzima, inachoma zaidi ya elfu mbili. Wako haifike elfu moja na mia saba." Akamrudishia saa. "Vaa. Kaa pale. Fanya vile unasukaka."

Capitoline akasuka hewa, vidole vikipishana. Hatua zikaanza kupanda kwenye kioo: kumi, ishirini, arobaini. Hajanyanyuka kitini.

"Umeona? Mkono ikitikisika, inafikiri unatembea. Na hata kwa mwenyewe aliyeinunua, ile namba ni kukisia, mama. Si risiti." Murielle alifunua faili. "Mara mbili tulikupigia uje tukupime. Haukuja. Ningeona mapema."

"Nilikuwa na maharusi," alisema Capitoline.

Jopo lilikuwa linakaa kesho yake, na Murielle hawezi kuandika kilo za uongo. Akaandika mia moja na tatu.

Nyumbani Régis alisikiliza yote amesimama jikoni, mwiko mkononi. Kwanza alimtukana mama wa Sandton. Kisha akakaa chini, akaanza kulia.

"Ni mimi, dada. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma, mimi ndiye niliyekupakulia. Nimejiua kwa mikono yangu."

Angeweza kunyamaza. Mkosaji alikuwa ameshapatikana, tena wawili, saa na mpishi. Lakini Capitoline hakuweza kumwona analia vile.

"Nilijua," alisema. "Mwezi wa kwanza wa ile miezi mitatu nilipanda mizani ya duka la dawa. Ilisema mia moja. Nikashuka, nikaja hapa, nikakupa mkono usome."

Régis alifuta macho kwa kiganja, amtazame vizuri. "Kwa nini?"

"Naogopa kisu. Kila nikilala najiona juu ya kile kitanda, na siamki. Nilikubali mbele ya watu, nikashindwa kukataa. Saa ikisema napungua, nilikuwa naiamini. Nilitaka kuiamini."

Alingoja matusi, na angeyapokea. Régis alizima jiko, akaweka mwiko juu ya sahani.

"Ungeniambia tu," alisema. "Nisingekuchukia. Astère, binamu yetu wa Diepsloot, alikuja hapa mwezi uleule, akasema yuko tayari apimwe yeye. Nilimwambia asihangaike, dada yangu ameshakubali."

"Basi tumpigie. Tumpigie sasa hivi."

"Karatasi zake zilitoka, dada. Wiki iliyopita amepanda ndege na mke wake na watoto. Kanada."

"Atarudi lini?" Capitoline aliuliza, ingawa wote wawili walijua kwamba wakimbizi wanaochukuliwa Kanada huwa hawarudi.